Bangili Ambayo Mamangu Hakuiba

Watu hudhani mwenye blogu ya vitabu ni mtu mpole. Wakiniona na miwani yangu na mkoba wa kitambaa, wanafikiri nimejaa mapenzi kwa kila kilichochapishwa. Si kweli. Mimi husoma kwa hasira. Nikifungua kitabu nakiambia moyoni, haya, nionyeshe; na kikinidanganya mwanzoni, sikisamehe hadi mwisho. Vitabu vibaya vimenilia usingizi mwingi, na sioni kwa nini nivichekee.

Nafanya kazi Changamwe, kwenye yadi ya makontena matupu. Mimi ndiye karani wa getini. Lori likiingia naandika nambari ya kontena, likitoka naandika tena. Kibanda changu kina dirisha dogo, na madereva wamezoea kuniona nimeinamia kitabu hadi wapige honi. Wengine hunitukana. Wengine huuliza, "Madamu, mtihani ni lini?" Huwa siwajibu. Nasoma asubuhi kabla msururu wa malori haujaanza, na nasoma tena saa za chakula cha mchana, mlango nimeutia komeo ili asije mtu kuniuliza ninasoma nini.

Nyumbani sisomi, nyumbani naandika. Kitabu nakisoma mara ya kwanza kama mtu yeyote, kisha nakiacha kipoe, halafu nakirudia na penseli mkononi. Maneno ya sifa yaliyo nyuma ya jalada siyagusi kabla sijamaliza. Na nilikuwa na kanuni moja niliyoishika kuliko zote: kitabu kihukumiwe kwa kilichomo ndani yake, si kwa aliyekiandika wala kwa anayekisoma. Kanuni hiyo ilikuja kuniponza.

Aliyenifundisha ni mwanamke mmoja wa Likoni. Sote tulimwita Mwalimu. Alikuwa amestaafu kufundisha Kiswahili, mtu wa ukoo wa zamani, wa wale ambao ukizungumza nao unajikuta unanyoosha mgongo. Nyumba yake ilikuwa upande wa Shelly Beach, na barazani kwake ndiko tulikokutana, sisi wachache tunaopenda vitabu, Jumamosi moja kila mwezi. Palikuwa na walimu, muuguzi mmoja, na wanafunzi wa chuo waliokuja zaidi kwa ajili ya vitumbua. Wote walikuwa wenyeji wa Pwani isipokuwa mimi.

Aliniita yeye mwenyewe. Nilikuwa nimeanza blogu yangu karibuni, nikaandika mahali kwamba riwaya fulani haina "dhamani." Chini yake, kwenye maoni, akaandika: "Mwanangu, ni thamani. Thamani ni ya kitu, dhamana ni ya mahakamani. Umeandika vizuri mengine yote. Ndoo nyumbani." Ndoo, kwa maana ya njoo, kama wasemavyo watu wa Mvita. Nikavuka kivuko nikaenda.

Nieleze kidogo kuhusu asili yangu, kwa sababu baadaye ilikuja kutajwa na watu wengi wasionijua. Wazazi wangu walitoka Ukambani. Baba alikuwa kibarua kwenye matangi ya mafuta, na mimi nilizaliwa Changamwe, nikasomea Changamwe, na nadhani nitazikwa huko huko, malori yakipita. Kiswahili nilikiokota uani, kwa watoto wenzangu, kikiwa na vumbi lake. Nyumbani kwa Mwalimu ndiko nilikokiosha. Alinisahihisha bila kunionea haya na bila kunidhalilisha, na kwa miaka kadhaa hakuna mtu niliyemheshimu kuliko yeye. Nalisema hili mapema ili mtu asije akadhani nilimchukia tangu zamani.

Jumamosi moja mvua ilinizuia kwake wenzangu walipokwisha kuondoka. Tukaketi wawili. Akaniuliza kuhusu mamangu, alifikaje Mombasa, nami nikamsimulia kisa ambacho kwetu kila mtu anakijua.

Mamangu alikuja akiwa msichana, akapata kazi katika nyumba moja kisiwani. Mwenye nyumba alikuwa akimwita kutoka ghorofani, naye anaitika kama walivyoitika kwao: "Ee!" Yule bibi akakasirika. "Ukiitwa, sema abee!" Sasa, mamangu Kiswahili chake kilikuwa cha siku chache, na hakujua kwamba mwanamke wa Pwani akiitwa na mkubwa wake huitika abee. Alidhani Abee ni mtu. Akaenda kumtafuta. Akapanda darini, akashuka uani, akarudi akasema, "Abee hayuko." Nyumba nzima ikaangua kicheko.

Hadi hapo hata mamangu mwenyewe hucheka anaposimulia. Kinachofuata hukisema upesi upesi. Yule bibi aliamua kumfundisha. Alimsimamisha chini ya ngazi, akawa anamwita jina lake, na kila akiitwa aitike abee, tena na tena, hadi majirani wakatoka madirishani kusikiliza. Maharagwe yakaungua jikoni. Mamangu akasikia harufu, akaenda akaepua chungu, akafunga nguo zake kwenye leso, akaondoka. Hakuaga wala hakurudi. Alikuwa msichana asiye na ndugu mjini, na aliondoka kwa sababu hakutaka kuitwa vile tena.

Mwalimu alicheka kwenye Abee hadi akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio. Kwenye ngazi akatikisa kichwa. "Maskini," akasema. "Kisa kizuri hicho." Mvua ikapusa, nikaenda zangu.

Riwaya yake ilitoka miaka miwili baadaye. Ilikuwa sherehe kubwa kwetu sote. Tulikuwa tukiisikia ikitajwa kama mtu anayesubiriwa kutoka Uarabuni. Alinipa nakala kwa mkono wake, ameitia sahihi, akaniambia mbele ya wenzangu, "Nangoja utakachosema wewe kuliko magazeti." Nilifurahi kama mtoto.

Nilianza kuisoma kibandani, na kurasa za mwanzo zilinishika. Sitasema uongo: mwanamke yule anajua kuandika. Sentensi zake zinakwenda kama maji kwenye mfereji safi, hukwami popote. Riwaya ilikuwa juu ya nyumba kubwa ya kale na watu wake, na niliipenda nyumba ile, nikawapenda watu wake, hadi nilipoingia jikoni.

Jikoni palikuwa na mtumishi kutoka bara. Kila r mdomoni mwake iligeuka l: habali, halusi, bahali. Akiitwa aliitika "Ee!" kama mbuzi, ndivyo ilivyoandikwa. Akaambiwa aseme abee. Akaenda kumtafuta Abee chini ya vitanda, akamtafuta ndani ya tangi la maji, watoto wa nyumba wakimfuata nyuma wakicheka. Kisha bangili ya dhahabu ya mwenye nyumba ikapotea. Ikaja kupatikana imefungwa kwenye pindo la leso ya mtumishi yule. Akafukuzwa, na bibi wa nyumba, kwa wema wake, akasema asiitiwe polisi. Maharagwe pia yalikuwemo. Yaliungua kwa sababu mtumishi alikuwa chumbani akiiba.

Nje lori lilikuwa likipiga honi. Sijui lilipiga kwa muda gani. Dereva alishuka akaja kugonga kioo kwa ufunguo, nikamfungulia, nikaandika nambari ambayo haikuwa ya kontena lake. Msimamizi alinigombeza jioni ile, naye alikuwa na haki.

Nilifanya kama nilivyozoea. Nikaiacha ipoe. Nikaisoma tena na penseli. Mara ya pili ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu sasa niliwaona na wengine: dereva mlevi wa bara, bawabu anayelala kazini wa bara, mchuuzi mwenye mizani ya uongo, wa bara pia. Hakukuwa na hata mmoja aliyetoka juu huko akaingia kitabuni na akatoka na heshima yake. Nilitafuta. Wallahi, mimi ambaye si Mwislamu naapa hivyo, nilitafuta hata mmoja.

Nikaandika. Nilisifu lugha, na nilisifu kwa ukweli. Kisha nikasema kwamba riwaya hii inawapenda watu wa upande mmoja tu wa mlango wa jikoni, na kwamba mwandishi mwenye sikio zuri namna hii hakulitega hata mara moja kuwasikiliza wanaompikia. Mamangu sikumtaja. Kanuni yangu ilikuwa kanuni: kitabu kwa kilichomo ndani yake. Niliutuma uhakiki bloguni wakati wa chakula cha mchana, nikala muhogo wangu.

Kundi letu la simu, la sisi wa barazani, lilikaa kimya hadi alasiri. Kisha likafurika kama choo kilichoziba.

"Lugha tumempa sisi, sasa atupigia nayo."

"Mtu wa bara kuja kutuhakikia Kiswahili! Dunia imekwisha."

"Na arudi kwao akahakiki vitabu vya kwao."

Kwetu ni Changamwe. Sina pengine pa kurudi. Ukambani nakwenda kwa mazishi tu. Niliandika hivyo. Palikuwa na mwalimu mmoja wa Kisauni, mtu wa mzaha, ambaye siku zote alinishikia kiti karibu naye barazani. Yeye alituma ujumbe wa sauti. Niliufungua kibandani nikidhani ananitetea. Alikuwa akisoma uhakiki wangu, neno kwa neno, kila r akiifanya l. Mimi sizungumzi hivyo. Sijawahi kuzungumza hivyo. Nyuma ya sauti yake niliwasikia watu wengine wakicheka, na nikatambua kicheko cha muuguzi. Dereva aliyekuwa akisubiri dirishani akauliza, "Nani huyo anakuigiza?" Nikamwambia asogeze lori.

Halafu yakaja maoni ya watu nisiowajua. Mmoja alipata picha yangu nikiwa getini na fulana ya kazi, akaiweka chini ya uhakiki, akaandika: "Mhakiki wenu huyu hapa, anahesabu mabati." Bosi wangu aliiona. Aliniita ofisini akaniuliza, kwa mshangao wa kweli, watu wa vitabu wana ugomvi gani na kampuni yake.

Mwalimu alinipigia siku iliyofuata. Nilikuwa nimetoka kazini, nimesimama kando ya barabara, malori yakipita.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umenichinja vizuri, mwanangu. Na kisu umekinoa kwangu."

"Nimeisifu lugha yako."

"Wajua nini wewe kuhusu lugha usichokipata barazani kwangu?"

"Mwalimu, yule mwanamke wa jikoni ni mamangu."

"Yule ni mhusika."

"Na bangili?"

"Hadithi yataka sababu. Mtu hawezi kuondoka nyumba ya watu hivi hivi tu."

"Yeye aliondoka hivi hivi tu. Nilikwambia."

"Uliniambia, kweli," akasema, "lakini msomaji hataamini."

Akakata simu. Nilibaki nimesimama pale nikiwa na hasira iliyonifanya nisione barabara. Matusi ya kundi lile lote hayakunichoma kama maneno yale. Alikuwa amesikia kisa chote, na ngazi, na madirisha yaliyojaa majirani, na bado hakuweza kufikiri kwamba msichana wa kazi anaweza kufunga leso yake kwa sababu ya heshima. Ilimbidi amtilie dhahabu ndani.

Nilitaka mamangu asijue. Lakini kanisani kwetu kuna mama ambaye binti yake hushinda kwenye simu, na habari ikafika kabla ya wiki kwisha. Nilirudi nyumbani nikamkuta ameketi sebuleni na sinia la mbaazi mapajani.

"Nasikia niko kwenye kitabu," akasema.

Nitaandika maneno yake bila lafudhi yake. Lafudhi yake imekwisha kuandikwa na mwenye kuiona ni kichekesho.

"Kilete unisomee."

Nikamsomea. Aliendelea kuambua mbaazi. Kwenye vitanda alitabasamu. Kwenye tangi la maji alicheka hasa, akapiga goti. "Tangi la maji! Hilo sikulifikiria, ningechungulia kweli." Nilipofika kwenye bangili mikono yake ilisimama.

"Rudia hapo."

Nikarudia.

"Hiyo bangili imetoka wapi?"

"Ameitunga."

"Nipeleke kwake."

Nilikataa. Nilimwambia haisaidii, nikamwambia kitabu kimeshachapishwa, nikamwambia yule ni mtu mwenye maneno na watu. Akaniambia kivuko anakijua, alikipanda kabla sijazaliwa, na kama sitampeleka ataulizia njia.

Tulikwenda Jumapili baada ya ibada. Alivaa sare yake ya chama cha akina mama kanisani, kitambaa kichwani kimepigwa pasi hadi kinang'aa. Mwalimu alitupokea mlangoni kana kwamba alikuwa akitungoja mwezi mzima.

"Karibuni, karibuni. Starehe, dadangu. Watoto hawajambo? Na huko mtokako, salama?"

"Salama," mamangu akajibu. Wakaulizana hali, wakaulizana mvua, wakaulizana miguu, kwa sababu wote wawili wana umri wa kuumwa miguu. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu cha siku zote, na nilikichukia. Mwalimu akaita jina la msichana wa kazi. Kutoka nyuma ya nyumba ikaja sauti: "Abee!" Msichana wa upande wa Kwale akaja na sinia la chai. Sisi watatu hakuna aliyemtazama mwenzake.

Mamangu alikunywa chai nusu, akaiweka.

"Mimi ndiye niliyemtafuta Abee," akasema. "Hilo la kutafuta ni kweli, na la tangi umelitia chumvi, si neno. Watu wacheke. Lakini bangili sikuiba."

"Hakuna aliyesema umeiba, dadangu. Jina lako halimo."

"Kisa changu kimo. Kanisani wamekijua kwa kisa. Sasa wananiuliza na bangili."

"Hadithi ni hadithi. Hata simba hutungiwa hadithi, wala haendi kumdai mtu."

"Simba hasali na majirani zake."

Nilitaka kucheka, nikajizuia. Mwalimu hakucheka.

"Iondoe hiyo bangili," mamangu akasema.

"Kitabu kimekwisha chapishwa, haiwezekani."

"Basi siku kitakapochapishwa tena."

"Hakibadilishwi kitabu kwa ajili ya mtu mmoja."

"Uliandika kwa ajili ya mtu mmoja. Uliambiwa niliondoka kwa sababu gani. Ulikosa nini hapo, hata ukaniongezea wizi?"

Nilimjua Mwalimu kwa miaka, na sijawahi kumwona akikosa adabu nyumbani kwake. Siku ile alikosa. Alijikalisha sawa kitini, akasema taratibu, kwa Kiswahili chake kile kile kizuri: "Dada, wasichana wa kazi huondoka kwa mambo mawili, wizi au mimba. Nimekaa na watumishi umri wangu wote, najua nisemalo."

Msichana wa Kwale alikuwa bado amesimama hapo na sinia tupu, akisubiri kuambiwa aende.

Mamangu alisimama. Akamshukuru kwa chai, akachukua mkoba wake, akatoka. Mimi nilibaki nyuma kidogo nikitafuta neno. Nilikuwa nimekuja na maneno mengi, nimeyapanga njiani kote. Nilichoweza kusema ni, "Sitakuja tena, Mwalimu." Akajibu, "Sikukualika leo."

Kwenye kivuko tulisimama tukiwa tumebanwa na watu. Katikati ya maji mamangu akasema chai ile haikuwa na sukari ya kutosha. Kisha akanigeukia.

"Na wewe. Mambo ya nyumbani kwetu unayapeleka kwa watu kama vitafunio."

Nilikuwa na hasira naye pia. Nilikuwa nimetukanwa mji mzima kwa ajili yake, ndivyo nilivyojiambia, naye ananisema mbele ya watu wasiotujua. Tulifika nyumbani kila mtu akaingia chumba chake.

Jioni ile ile Mwalimu aliandika kundini kwamba nimemletea mamangu nyumbani kumtisha. Kabla sijamaliza kuandika jibu, admini alikuwa amenitoa. Nikabaki na jibu langu mkononi, refu, lenye alama zote za uandishi mahali pake kama nilivyofundishwa, na hapakuwa na mahali pa kulituma.

Ndipo nikaamua kulisema kwenye blogu. Nilimwomba mamangu ruhusa kwanza. Alikuwa akipika, hakugeuka. "Andika," akasema. "Lakini usinililie huko." Nikaandika kisa chote kama kilivyotokea, na ngazi, na majirani, na maharagwe, na leso isiyokuwa na kitu ndani ila nguo zake. Nikasema huyu mwanamke ni mamangu.

Nilidhani mambo yatatulia. Yaligawanyika. Wapo walioniandikia kwamba mama zao pia walipitia jikoni za watu, na barua zao nilizisoma zaidi ya mara moja. Lakini wengi walisema: kumbe! Kumbe ni kisasi. Kumbe uhakiki wote ule ulikuwa ugomvi wa nyumbani uliovishwa miwani. Muuguzi, yule niliyesikia kicheko chake, aliniandikia pembeni bila matusi. Alisema angeniamini kama ningesema tangu mwanzo, na kwamba sasa hajui asome vipi mengine yote niliyowahi kuandika. Nilitaka kumjibu kwa kumkumbusha kicheko chake. Sikumjibu. Alilosema lilikuwa na ukweli ndani yake, na ndiyo maana nililichukia.

Nilibadilisha kanuni. Siku hizi kila uhakiki wangu huanza kwa kusema kuna nini kati yangu na mwandishi: kama tunajuana, kama amenipa kitabu bure, kama tumewahi kugombana. Wasomaji wengine hunicheka, wanasema ni kama mtu anayekula kiapo mahakamani. Acha wacheke. Radhi sikuomba, na sitaomba. Riwaya ya Mwalimu inapendwa, naisikia ikisifiwa, na wachapishaji wake hawaniletei tena kitabu chochote. Nanunua mwenyewe, vya mitumba, na vikiwa vibaya nasema ni vibaya.

Mwaka huu kanisani kwetu Changamwe mzee mmoja wa kanisa, mtu wa bara kama baba yangu alivyokuwa, aliandika riwaya, akaichapisha kwa nguvu zake mwenyewe. Aliniletea baada ya ibada, ameifunga kwa karatasi ya zawadi.

"Sasa tuna mtu wetu," akasema, akinishika mkono kwa mikono miwili. "Hawa watu wa Pwani wamekuonyesha walivyo. Humu utapumua."

Niliisoma kibandani. Watu wa Pwani ndani yake walikuwa wamelala mikekani wakingoja nazi ziwaangukie. Wanawake walikuwa wachawi, wanaume walikuwa wapenzi wa wake za watu. Mtu wa bara aliyekuja mjini na viatu vilivyotoboka alikuwa ndiye pekee aliyewahi kuamka asubuhi. Na Kiswahili chenyewe kilikuwa kimejaa mawe. Nikaiacha ipoe. Nikaisoma tena. Nikaandika juu kabisa kwamba mwandishi tunasali kanisa moja na kwamba kitabu amenipa zawadi, kisha nikasema nilichokiona humo, kwa ukali ule ule.

Alinipigia simu nikiwa getini.

"Wewe uko upande wa nani hasa?"

"Kitabu chako nimekisoma mara mbili," nikamwambia. "Taja mwingine aliyekusomea mara mbili."

"Mama yako anajua ulichoandika?"

"Nilimsomea jana."

"Akasema?"

"Alisema una bahati hukuandika kuhusu yeye."

Akakata.

Jumapili iliyofuata mimi na mamangu tulifika mapema. Yule mzee aliingia, akatuona tumeketi safu ya nyuma ya benchi lake, akasimama kidogo, akachukua Biblia yake na mto wake wa kukalia, akahamia upande wa pili wa kanisa, mkewe akimfuata bila kututazama. Watu waligeuza shingo. Benchi lile limewekwa chini ya feni, ndiyo sababu amelishikilia miaka yote. Mamangu akaliangalia, akaniangalia, akainuka. Tukahamia pale. Alijipepea kidogo kwa mazoea, kisha akatazama juu, akaacha.